Daftari kwanza, chupa baadaye

Kabla ya kununua chupa yoyote ya dawa ya kumtibu mtoto mwenye usonji (autism), nunua daftari la kurasa 96. Liweke jikoni, kalamu ifungwe kwa uzi isipotee, na kwa siku 14 mtoto asipewe kitu chochote kipya: si matone, si mafuta, si unga wa mizizi, wala asikatazwe maziwa. Andikeni tu.

Wengi hukosea kwenye cha kuandika. "Leo ametulia" si kipimo, wala "ameanza kuelewa". Chagua mambo matatu yanayohesabika. La kwanza, usingizi: amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi. La pili, kuomba: mara ngapi ameomba kitu kwa neno, kwa kidole, au kwa kukushika mkono akakupeleka hadi kwenye friji. La tatu, choo: lini, na kilikuwaje. Kama anajipiga au kujing'ata, ongeza la nne, dakika ngapi kwa siku. Pembeni acha nafasi ya maelezo, maana siku za Mombasa hazifanani. Umeme umekatika na feni ikazima, wageni wa harusi wamelala sebuleni, shule zimefungwa, Ramadhani nyumba nzima iko macho mpaka daku. Hayo hubadilisha usingizi wa mtoto kuliko matone mengi yanayouzwa. Ndiyo maana jaribio lisianzwe ndani ya Ramadhani wala wiki ya kufungua shule.

Zikishapita siku 14, anza kitu kimoja. Kimoja tu. Ukianza mafuta ya samaki, maziwa ya ngamia na kisomo wiki moja, mtoto akipata nafuu hutajua ushukuru kipi, na akitokwa na vipele hutajua usimamishe kipi. Mpe wiki sita, hesabu zilezile. Na awepo mtu mmoja anayemwona mtoto kila siku ambaye hajui mmeanza nini: mwalimu wake, au dada wa jirani anayeshinda naye mchana. Muulize kila Ijumaa maswali yaleyale matatu. Nyinyi mmeona nafuu kubwa na yeye hakuona lolote? Jibu lake lina uzito kuliko lenu.

Hilo si dharau kwa macho ya mzazi. Mwaka 1998 ilitoka taarifa kwamba homoni ya utumbo iitwayo sekretini iliwafanya watoto wachache wenye usonji waanze kuongea na kutazamana na watu. Wazazi waliitafuta kwa bei yoyote. Mwaka 1999 jaribio likachapishwa Marekani: watoto 28 walichomwa sindano moja ya sekretini, 28 wengine wakachomwa maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala sekretini haikuyashinda maji ya chumvi. Baada ya kuelezwa matokeo hayo, asilimia 69 ya wazazi walisema bado wanaitaka. Wazazi hawa hawakuwa wajinga. Mtu hununua dawa mtoto anapokuwa kwenye hali mbaya kabisa, na baada ya hali mbaya kabisa huja siku za afadhali hata bila dawa. Tena mtoto anakua, na mzazi mwenye matumaini humkalia karibu zaidi, humsemesha zaidi, humngoja zaidi. Nafuu inaweza kuwa ya kweli na chupa isiwe na mkono wowote ndani yake.

Sasa jikoni, maana hapa ndipo fedha na machozi mengi huishia. Ushauri unaozunguka kwenye simu ni kuondoa ngano na maziwa. Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu ni madogo, na hayajaonyesha faida ya kutegemewa kwenye dalili za usonji. Hata hivyo wapo watoto ambao tumbo lao kweli halipatani na ngano au maziwa, na kwao mlo huo ni haki yao. Ukiamua kujaribu, anza na kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambao ngano huumiza utumbo wa mwenye nao, kabla ya kuondoa ngano. Mtoto akishaacha ngano kwa wiki kadhaa, kipimo hicho huweza kuonyesha hana ugonjwa hali anao, na hapo utalazimika kumrudishia ngano ndipo apimwe upya.

Kuondoa ngano Pwani si shida kubwa kama inavyosikika. Wali, ugali, mihogo, viazi vitamu, ndizi, bhajia za unga wa dengu, mkate wa sinia wa mchele, vyote vimo mtaani. Shida iko kwenye vile vinavyofanana na salama. Vitumbua vya nyumbani ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki, lakini wauzaji wengine hutia ngano kidogo vishikane. Mkate wa mofa asili yake ni mtama, lakini siku hizi si ajabu kukuta umechanganywa na ngano. Viazi karai huchovywa kwenye unga wa ngano, halafu bhajia zikaangwa kwenye karai ileile. Muulize anayepika, usiangalie sura ya chakula.

Kosa kubwa zaidi ni la maziwa. Mama anaondoa maziwa ya ng'ombe na kuweka tui la nazi, kwa kuwa jeupe ni jeupe. Tui lina mafuta mengi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 700 za kalsiamu kwa siku, wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 1,000, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Pengo hilo huzibwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta uliosagwa ukatiwa kwenye uji, na mboga za majani. Kama hali chochote kati ya hivyo, usiondoe maziwa bila kupangiwa mlo na mtaalamu wa lishe.

Na wapo watoto ambao hawapaswi kuguswa mlo kabisa: wale wanaokula vitu vitano tu duniani. Kama orodha yake ni mahamri, chai ya maziwa, chipsi, biskuti za aina moja na wali mweupe, ukiondoa vitatu hatahamia kwenye dagaa. Ataacha kula. Watoto wa namna hii wamewahi kupatikana na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mtoto anachechemea au anakataa kutembea, fizi zinavimba na kutoa damu, na watu wanadhani ni mifupa au ni jicho la mtu. Kwa mtoto kama huyo kazi ni kuongeza, kidogo kidogo: kipande cha embe au chungwa kikubwa kama ukucha, kwenye sahani yake ya kawaida, bila kulazimishwa, hata kama kitarudi bila kuguswa mara 15.

Maziwa ya ngamia yanayokuja kwa chupa kutoka bara yachemshwe mpaka yafufurike, hata kama muuzaji anasema dawa yake iko kwenye ubichi. Ubichi huweza kubeba homa ya brusela, ugonjwa unaotoka kwa wanyama. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A, ambayo mwili huihifadhi badala ya kuitoa. Soma lebo: kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 kikomo cha siku ni mikrogramu 600, yaani IU 2,000, na kwa wa miaka 4 hadi 8 ni mikrogramu 900, yaani IU 3,000. Kijiko cha mafuta hayo pamoja na sirapu ya vitamini pamoja na tembe za kutafuna, na umeshapita kikomo bila kujua. Vitamini B6 kwa dozi kubwa za miezi mingi huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Asali na habasoda ni chakula, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asionje asali hata kwa ncha ya kidole.

Kabla ya kusema "usonji umezidi", mtafute mtoto maumivu. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia jino linauma, sikio limejaa usaha au tumbo limefunga. Atapiga kichwa ukutani, atakesha, atang'ata. Fungueni daftari hapo kidogo mwangalie safu ya choo. Siku nne bila choo, kisha majimaji yanachafua chupi: wengi huita hilo kuhara na kumpa dawa ya kufunga tumbo. Mara nyingi ni kinyume chake. Choo kigumu kimeziba, na majimaji yanapita pembeni. Matibabu yake ni dawa ya kulainisha choo kwa maelekezo ya daktari, kwa wiki na miezi, si siku tatu. Maji, papai, ukwaju. Na kukaa chooni dakika 5 hadi 10 baada ya kila mlo, miguu ikikanyaga kigoda magoti yapande juu ya nyonga. Wengi huacha dawa siku ya kwanza choo kinapotoka vizuri, na kwa sababu utumbo bado umetanuka, wiki ya pili unaziba tena. Tunaamini miujiza mingi ya "kusafisha sumu tumboni" ilikuwa hii tu: tumbo lililofunga limefunguka, mtoto akalala.

Usingizi nao una sababu zake za kawaida. Muombe daktari apime ferritini, akiba ya madini ya chuma, hasa kama mtoto anapigapiga miguu usiku kucha. Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo isogezwe saa moja mbali na mlo. Melatonini ni miongoni mwa vidonge vichache vyenye ushahidi mzuri kwa watoto wenye usonji wasiolala. Huanzwa na miligramu 1 hadi 3, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kulala, kwa usimamizi wa daktari, na haifanyi kazi kama televisheni inaendelea kuwaka chumbani.

Tunafika kwenye dai kwamba usonji huletwa na "sumu ya madini", na hapa Mombasa mtu asicheke. Risasi, yale madini ya betri, ni sumu ya kweli ya ubongo wa mtoto. Watu wa Owino Uhuru, huko Jomvu, waliijua kwa gharama kubwa baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kujengwa ubavuni mwa nyumba zao, na Phyllis Omido alipigania jambo hilo mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mtoto mwenye usonji anayekula udongo, rangi iliyobanduka ukutani au kutafuna kila kitu yuko hatarini zaidi ya wenzake. Wanja wa manga unaopakwa macho ya watoto mara nyingi ni jiwe la risasi lililosagwa. Ukiwa na wasiwasi, acha wanja leo, na mtoto apimwe damu ya mshipa. Damu ya kidole huchafuliwa na vumbi la ngozi, nywele hazitegemewi, na mkojo unaokusanywa baada ya mtoto kupewa dawa ya kuvuta madini ni mtego, kwa sababu dawa hiyo humtoa kila mtu madini, kisha majibu yanalinganishwa na mkojo wa watu ambao hawakupewa. Kila mtoto ataonekana amejaa sumu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, na kwa watoto hadi miaka 10 linashauri dawa ya kuvuta risasi kuanzia 45. Hiyo ni tiba ya hospitali kwa sumu ya risasi, si tiba ya usonji.

Nje ya hapo dawa hizo huua. Mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki Pennsylvania, Marekani, akichomwa kwenye mshipa EDTA, mojawapo ya dawa hizo za kuvuta madini. Zipo EDTA mbili zenye majina yanayokaribiana: moja ina kalsiamu, nyingine haina. Alipewa isiyo na kalsiamu, kalsiamu ya damu yake ikashuka, moyo ukasimama. Nyuma ya biashara hiyo kuna hofu kwamba chanjo huleta usonji, iliyochochewa na makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusu watoto 12 tu, na jarida la tiba la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa 2019 uliwafuatilia watoto 657,461 na haukuona chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ikiongeza usonji. Mdogo wake mtoto apelekwe chanjo ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18 kama kawaida.

Matone ndiyo yanayotutia hofu kuliko yote. Huja kama chupa mbili ndogo. Moja imeandikwa sodium chlorite, nyingine ni asidi, mara nyingi ya limau. Unaambiwa uchanganye matone sawasawa, ungoje yageuke manjano, utie maji, mtoto anywe au aingizwe kwa njia ya haja kubwa. Nusa kikombe hicho: ni harufu ya Jik kwenye beseni la nguo nyeupe. Umetengeneza klorini dayoksaidi, kemikali ya kuchujusha nguo na karatasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya juu yake mwaka 2010 na tena 2019. Mtoto hutapika, huharisha mpaka anakauka maji, na muuzaji husema ni sumu inatoka. Zile kamba ndefu zinazoonekana kwenye choo, zinazoitwa minyoo, ni ute na ngozi ya ndani ya utumbo iliyoungua. Na kuna hatari ya ziada kwetu: upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni wa kurithi na si adimu Pwani, na kwa mwenye nao kemikali kama hii huvunja chembe za damu. Mkojo ukiwa rangi ya chai kavu, midomo ikigeuka buluu au mtoto akipumua kwa shida, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa zote mbili mkononi.

Kuhusu kisomo na waganga, tuseme wazi. Kisomo hakina sumu. Mzazi anayepata utulivu kwa Qurani au kwa maombi ya kanisa humrudishia mtoto utulivu huo, na hakuna daktari mwenye haki ya kuudharau. Madhara huja kwa yale yanayofuatana nacho. Chukua kombe: sahani nyeupe, zafarani iliyolowekwa, kijiti, aya zimezunguka sahani nzima, kisha maji yanamiminwa na rangi ya dhahabu inateremka chupani. Muulize maalim mambo mawili: wino ni zafarani kweli au ni rangi ya unga, na marashi aliyotia ni ya kupikia au ya kunyunyiza kwenye maulidi. Ya kunyunyiza hayanyweki. Maji yawe yaliyochemshwa, na yasilale chupani siku saba kwenye joto hili. Muombeni maalim asome nyumbani kwenu, mlango wazi, dakika kumi, sauti ya kawaida, bila kumshika mtoto kwa nguvu na bila chetezo. Moshi wa ubani chini ya shuka ni mateso kwa mtoto ambaye pua na masikio yake huweza kuhisi kuliko vyako, na ni hatari kwa mwenye pumu. Anayesema jini hutoka kwa kupigwa, toka wewe na mwanao. Chale kwa wembe ni pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Akipangiwa kuoshwa baharini alfajiri siku saba, iwe maji kupwa, mbali na mkondo wa feri, mkono wa mtu mzima usimwachie hata kidogo; watoto wenye usonji hupenda maji, na huzama kwa wingi kuliko wenzao.

Jambo moja halina mjadala. Kifafa huwapata watoto wenye usonji kuliko wengine, na mganga akisema dawa ya hospitali iachwe ili yake ifanye kazi, jibu ni hapana. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kushika lisiachie. Likipita dakika 5, ni dharura.

Ya ng'ambo tuyapitie haraka. Seli shina: jaribio la chuo kikuu cha Duke, Marekani, lililochapishwa 2020 na watoto 180, halikuonyesha damu ya kitovu, yenye seli hizo, ikiboresha kile walichokuwa wanapima. Usiuze kiwanja kwa hilo. Chumba cha oksijeni ya shinikizo: FDA ilisema tangu 2013 kwamba hakijathibitishwa kwa usonji. Lukovorini, dawa ya jamii ya foleti (vitamini B9), iliyovuma Septemba 2025 baada ya tangazo la serikali ya Marekani, ina maana kwa watoto wachache wenye upungufu wa foleti kwenye ubongo. Majaribio yake kwa usonji kwa jumla bado ni madogo. Ukiiulizia dukani ukapewa vidonge vya asidi ya foliki vya wajawazito, hivyo ni kitu kingine.

Fedha inayobaki iende kwenye kipimo cha masikio, kwa mtaalamu wa matamshi, na kwa mzazi mwenyewe kufundishwa. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na kiini chake unaweza kukianza leo. Weka anachokipenda mahali anapokiona asipokifikia. Akikitazama, kaa usawa wa macho yake, sema neno moja, "maji", kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi bila kusema tena. Wengi hushindwa kwenye hiyo kumi. Akitoa ishara yoyote, hata ya kuinua mkono, mpe maji papo hapo na ulirudie neno. Mara 20 kwa siku, dakika tano tano, wakati wa kula, kuoga na kuvaa, siyo kikao kirefu mezani.

Siku ya kliniki, iwe hospitali kuu ya Makadara, Mombasa, au kwingine, tia kila kitu anachotumia mtoto kwenye mfuko mmoja: sirapu, habasoda, chupa ya kombe, unga wa mizizi kwenye karatasi yake, matone aliyoleta shangazi kutoka Dubai. Usifiche hata kimoja kwa kuogopa kugombezwa, kwa sababu daktari hawezi kujua kinachogongana na dawa yake kama hakijui. Fungua daftari kwenye zile siku 14 za mwanzo, uliweke mezani kabla hujakaa.